SOMO LA VIFAA VYA OFISI: MONITA AU TELEVISHENI KATIKA MEZA YA KATIBU?



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi vya pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Mitwero na kuendelea bara hadi Mtama, swali moja huulizwa mara kwa mara na wajumbe wa bodi. Chama kimekwisha kupata kompyuta, au kinakusudia kununua. Dukani wajumbe wanaona televisheni ya inchi 32, na kando yake monita ya inchi 22, na bei zake hazipishani sana. Hapo mjumbe husema: "Fedha ni ile ile. Kwa nini tuchukue kioo kidogo na kuacha kikubwa, ambacho jioni kitatuonyesha na taarifa ya habari?"

Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani anayeitoa anailinda fedha ya wanachama. Lakini jibu lake halipatikani kwa kutazama ukubwa wa kioo kikiwa juu ya rafu ya duka. Hapana budi tuulize kwanza: ni kazi gani itakayofanyika mbele ya kioo hicho, na mtu atakaa umbali gani nacho? Somo hili linakusudia kumsaidia Katibu na bodi yake kulijibu swali hilo kabla ya kutoa fedha.

I. KWA NINI JAMBO HILI NI LA WANACHAMA WOTE

Huenda mwanachama akadhani kwamba kioo cha kompyuta ni shauri la Katibu peke yake. Sivyo. Korosho, ufuta na mbaazi zikifika chamani hupimwa, na uzito wake huandikwa kwa jina la mkulima. Mzigo ukishauzwa, malipo hupitia benki hadi katika akaunti yake. Kati ya mizani na benki kuna mtu mmoja anayeandika tarakimu, na jicho lake ndilo mlinzi wa mwisho wa jasho la mkulima.

Tuchukue mfano. Mkulima ameleta kilo 386. Mwandishi, kwa kuwa herufi zake zina ukungu, anasoma 336. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Mkulima huyo amepungukiwa kilo 50, yaani shilingi 150,000, na hakuna mwizi aliyeingia ghalani. Tarakimu moja ya akaunti ya benki ikikosewa, malipo hukwama au huelekea kwa mtu mwingine, na Katibu hupoteza siku nyingi kuandika barua za masahihisho huku mkulima akisubiri ada ya shule ya mwanawe. Basi kioo kinachosomeka vizuri kihesabiwe pamoja na mizani iliyopimwa na Wakala wa Vipimo: vyote viwili ni vyombo vya haki.

II. ASILI YA VYOMBO HIVI VIWILI

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wazee wetu wa ushirika watakumbuka kuwa mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa nchini kompyuta pamoja na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu mwaka 1973, ambapo Bara vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo vyombo hivi viwili vilitufikia kwa kuchelewa na karibu kwa wakati mmoja, wala si ajabu kwamba watu wengi huviona kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Katika nchi za nje vyombo hivyo vilikwisha kuchanganywa mapema. Kompyuta ndogo za nyumbani zilizotoka mwaka 1982, kama Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani, ziliunganishwa na televisheni ya nyumbani ili mnunuzi asiingie gharama ya kioo kingine. Lakini ile ya kwanza ilionyesha herufi 32 tu katika mstari mmoja, na ya pili herufi 40. Sababu mojawapo ni kwamba televisheni za wakati huo hazikuweza kuonyesha herufi ndogo zilizobanana bila kuzitia ukungu. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 kwa kazi za ofisi iliweza kuja na monita yake yenyewe, ikionyesha herufi 80 kwa mstari na mistari 25 kwa ukurasa, kiasi cha kutosha kwa barua au daftari la hesabu.

Tofauti ya asili ndiyo hiyo. Televisheni iliundwa ili watu kadhaa waliokaa mbali watazame picha zinazotembea. Monita iliundwa ili mtu mmoja aliyekaa karibu asome maandishi yaliyotulia. Vioo vya leo vimekuwa vyembamba na vinafanana kwa sura, lakini kila kimoja bado kinabeba tabia ya kazi kilichozaliwa nayo.

III. HESABU NUKTA KABLA YA INCHI

Kila picha ya kioo imeundwa na nukta ndogo ndogo za mwanga. Nukta zikibanana, herufi huwa kali kama ya kalamu yenye ncha nzuri. Zikiachana, herufi huwa kama imechorwa kwa mkaa. Kwa hiyo mnunuzi asiulize inchi tu, bali aulize pia idadi ya nukta.

Monita ya kawaida ya inchi 22 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1,366 kwa 768, jumla 1,049,088. Yaani kioo kikubwa zaidi kina karibu nusu tu ya nukta za kile kidogo. Tukigawa nukta hizo kwa urefu wa inchi moja, tunapata hali ifuatayo:

Monita ya inchi 22 yenye nukta 1,920 kwa 1,080: nukta 100 katika inchi moja.
Monita ya inchi 24 yenye idadi hiyo hiyo: nukta 92.
Televisheni ya inchi 32 yenye idadi hiyo hiyo: nukta 69.
Televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1,366 kwa 768: nukta 49.

Mtu aliyekaa mita 3 kutoka kwenye kioo haoni upungufu huo, kwa sababu umbali huziunganisha nukta machoni pake. Lakini Katibu hukaa sentimita 50 hadi 70 tu kutoka kwenye kioo chake, na hapo kila pengo huonekana. Zaidi ya hayo, kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi, ilhali cha inchi 22 kina sentimita 49. Anayeandika daftari akiwa karibu na kioo kipana hulazimika kugeuza shingo kutoka safu ya jina hadi safu ya jumla, mamia ya mara kwa siku. Jioni hulalamikia shingo na macho, na makosa huanza kuongezeka saa hizo za uchovu.

Zipo televisheni za inchi 43 zenye nukta 3,840 kwa 2,160, ambazo hubana nukta 102 kwa inchi, sawa na monita nzuri. Hizo zaweza kusomeka kwa karibu, lakini zinahitaji meza ndefu, na kompyuta yenye uwezo wa kuziendesha. Kompyuta ya zamani mara nyingi huonyesha picha 30 tu kwa sekunde katika kioo cha namna hiyo badala ya 60, hata mshale wa kipanya ukaonekana unaruka ruka.

IV. TABIA ZA TELEVISHENI ZINAZOMSUMBUA MWANDISHI WA HESABU

Kwanza, televisheni hukata ukingo. Zamani kingo za picha hazikuwa sawa, hivyo watengenezaji waliikuza picha kidogo ili kingo hizo zifichike nyuma ya fremu. Desturi hiyo imebaki katika televisheni nyingi hadi leo. Katika mchezo wa mpira hakuna kinachopotea. Katika jedwali la hesabu, safu ya kulia kabisa au mstari wa chini kabisa waweza kufichika, na huko ndiko tunakoweka baki na jumla. Kasoro hii hurekebishwa katika mipangilio ya picha, kwa kuchagua maneno kama "Just Scan" au "Screen Fit". Katibu asianze kazi kabla hajaona pembe zote nne za ukurasa.

Pili, televisheni nyingi huzipa nukta kadhaa za jirani rangi moja ya pamoja. Sura ya mtu haiharibiki kwa hilo, lakini herufi nyekundu huzungukwa na ukungu. Nasi tunajua kwamba upungufu katika hesabu huandikwa kwa rangi nyekundu. Dawa yake, kwa televisheni zenye uwezo huo, ni kulipa tundu la kompyuta jina la "PC" katika mipangilio.

Tatu, televisheni huipamba picha kabla ya kuionyesha: huongeza ukali, hulainisha mwendo, hubadili mwanga. Mapambo hayo huchukua muda, hivyo mshale na herufi huchelewa nyuma ya mkono wa mwandishi. Anayeandika kwa haraka hubonyeza mara mbili akidhani mara ya kwanza haikukubali, na tarakimu moja huwa mbili. Jina la "PC" au mpangilio wa michezo hupunguza uchelewaji huo.

Nne, monita hulala kompyuta inapolala na kuamka inapoamka. Televisheni, kwa kawaida, husubiri rimoti, na rimoti ikipotea ofisi husimama.

Tano, kioo kikubwa juu ya meza iliyo karibu na dirisha humwonyesha kila mpita njia majina, madeni na akaunti za wanachama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, kutunza siri hizo ni wajibu wa kisheria, mbali ya kuwa ni heshima kwa mwanachama.

V. UMEME NA HEWA YA PWANI

Kila kifaa kina kibandiko nyuma kinachotaja wati zake. Katibu akisome kabla ya kununua. Tuseme monita inatumia wati 20 na televisheni wati 60. Ofisi ikifanya kazi saa 8 kwa siku 25, jumla ya saa ni 200. Monita itakula uniti 4 za LUKU kwa mwezi, na televisheni uniti 12. Tofauti ya uniti 8 si kubwa kwa mwezi mmoja, bali kifaa hukaa ofisini miaka mingi.

Jambo kubwa zaidi ni kukatika kwa umeme. Chama chenye UPS ndogo kitapata dakika nyingi zaidi za kuhifadhi kazi iwapo kioo kinakula wati chache. Kioo kikubwa humaliza akiba ya betri upesi. Chama kinachotumia umeme wa jua nacho kifanye hesabu hiyo hiyo. Umeme unapokatika, zima swichi za vifaa vyote; uwashe tena baada ya umeme kurudi na kutulia.

Wenzetu wa Mitwero, Kilwa Masoko na vijiji vyote vya ufukoni wanaijua hewa ya chumvi inavyokula bati na misumari. Hula pia miguu ya waya na matundu ya kuunganishia. Usiweke kioo kuelekea dirisha la baharini wala mahali jua linapopiga. Kifute kwa kitambaa laini kikavu. Kifunike jioni kikiwa kimepoa, lakini usikifunike kikiwa kinafanya kazi, kwani matundu ya nyuma ni ya kupumulia.

VI. PALE TELEVISHENI INAPOSTAHILI

Tusije tukaonekana kuidharau televisheni. Iko kazi ambayo monita haiwezi, nayo ni kuwaonyesha wanachama hesabu zao.

Katika msimu wa mwaka 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima aliyezoea kusikia bei ikisomwa kutoka kwenye karatasi alianza kuitazama ikijitokeza katika kioo. Katika mkutano wa chama pia, mapato na matumizi yakionyeshwa ukutani, mwanachama hufuata mstari kwa mstari, na maswali yake huwa ya maana zaidi. Uwazi wa namna hiyo huua uvumi kabla haujazaliwa.

Kwa kazi hiyo televisheni ya inchi 43 au zaidi yafaa kwa kikao cha bodi au cha wanachama wachache. Iwekwe juu, kimo cha vichwa vya waliokaa mbele. Jedwali likuzwe mpaka mtu wa mstari wa mwisho aweze kulisoma bila kukaza macho. Mwombe asome kwa sauti tarakimu moja ili uhakikishe. Mkutano Mkuu wenye mamia ya watu hauwezi kutegemea televisheni moja. Hapo tumia projekta, au soma taarifa kwa sauti na kubandika nakala ubaoni. Tukumbuke pia kwamba wamo wanachama wasiojua kusoma, na haki yao ya kusikia hesabu haipunguzwi na kioo chochote. Katika maonyesho hayo yaonekane majumla ya chama, wala zisionekane akaunti za mtu mmoja mmoja.

Basi kanuni yetu ni hii: kwa meza ya kuandikia hesabu, monita, kwa chumba cha kuonyeshea hesabu, televisheni. Chama chenye fedha ya kifaa kimoja kianze na monita, kwa kuwa hesabu iliyoandikwa vibaya haiponi kwa kuonyeshwa katika kioo kikubwa. Chama ambacho tayari kina televisheni na hakina fedha nyingine, kisiitupe: kirekebishe mipangilio iliyotajwa hapo juu, kisogeze kioo mbali kidogo, na kikuze herufi.

VII. UTARATIBU WA KUNUNUA NA KUTUNZA

1. Bodi ijadili kazi inayokusudiwa na kuiandika katika muhtasari wa kikao, kisha ihakikishe kwamba fungu lipo katika makisio yaliyoidhinishwa na Mkutano Mkuu.

2. Zipatikane bei za maandishi kutoka maduka matatu, zikitaja idadi ya nukta, wati, matundu na muda wa dhamana. Dhamana isiyo na risiti ni maneno matupu.

3. Katibu aende dukani na kompyuta ya chama. Afungue jedwali lenye tarakimu ndogo, hasa 3, 8, 6 na 0, nyingine nyeusi na nyingine nyekundu. Aketi umbali wa mkono ulionyooshwa, asome. Atazame pembe zote nne.

4. Atazame tundu la kompyuta. Kompyuta nyingi zilizotumika zina tundu la VGA peke yake, na televisheni mpya nyingi zina HDMI tu. Waya pekee hauwezi kuunganisha matundu hayo. Kinahitajika kifaa cha kubadilisha, na gharama yake iingizwe katika bei.

5. Ajue kitakakotengenezwa kifaa kikiharibika. Mwezi Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Kilwa, na mizigo ikakwama. Fundi aliye Lindi mjini ana faida ambayo bei ya Kariakoo haiionyeshi.

6. Kifaa kikifika, kiandikwe siku hiyo hiyo katika daftari la mali za kudumu, pamoja na namba yake, na kipigwe alama ya chama. Televisheni hasa ina tabia ya kuhama: huazimwa kwa ajili ya mechi moja, ikalala nyumbani kwa mjumbe hadi mkaguzi afike. Mali ya chama hailali nje ya chama pasipo maandishi na saini.

7. Ukingo wa juu wa monita uwe sawa na macho ya mwandishi au chini yake kidogo. Kila baada ya dakika 20, mwandishi atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, apumzishe macho.

Ndugu Katibu, msimu unapofunguliwa na foleni ya magunia ikafika barabarani, hakuna nafasi tena ya kurekebisha vioo. Fanya jaribio la pembe nne na la tarakimu ndogo mapema, na matokeo yake uyapeleke katika kikao cha bodi kinachofuata.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI VYA MASOMO

1. Katika chama chenu, ni nani anayeandika uzito wa mazao katika kompyuta, na hukaa umbali gani na kioo? Pimeni.

2. Televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1,366 kwa 768 na monita ya inchi 22 yenye nukta 1,920 kwa 1,080 zinauzwa bei moja. Elezeni kwa mjumbe asiyekubali kwa nini ile ndogo yafaa zaidi mezani.

3. Someni wati katika kibandiko cha kioo chenu. Kikifanya kazi saa 200 kwa mwezi, kinakula uniti ngapi?

4. Ni taarifa zipi za chama zinazopaswa kuonyeshwa kwa wanachama wote, na zipi zinazopaswa kuonwa na Katibu na mwenye akaunti tu?

5. Kagueni daftari la mali za kudumu. Je, kila kifaa kilichoandikwa kipo ofisini leo?